Boriti Mbili Chini ya Roshani

Kila asubuhi, kabla hajafungua karakana yake, Mjomba hufagia unga. Ni unga mwembamba, mweupe kidogo, unaodondoka kutoka chini ya roshani ya ghorofa ya kwanza na kulala kwenye kibaraza kana kwamba kuna mtu alikuwa akichekecha hapo juu. Anaukusanya kwa brashi fupi kwenye kipande cha bati, na kabla hajaumwaga anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa mwingi kuliko wa jana hasemi kitu. Mimi hujua tu, kwa sababu siku hiyo huchelewa kuitikia salamu yangu.

Ninapita hapo kila siku nikienda kazini. Ofisi ya Majengo ya Kale, ambako nimefanya kazi kwa miaka ishirini na miwili, iko mwisho wa barabara hiyohiyo, katika jengo lililokuwa benki zamani. Barabara yenyewe ni fupi. Unaweza kuanza kumenya chungwa upande mmoja ukatema kokwa ya mwisho upande wa pili. Ina nyumba thelathini na moja za zamani, zenye kuta nene na milango mirefu kuliko haja ya mtu yeyote. Wakati fulani karibu kila nyumba ilikuwa na roshani ya mbao iliyotokeza juu ya barabara, na watu waliokaa juu waliweza kupeana chumvi bila kushuka ngazi. Zimekwisha moja baada ya nyingine. Imebaki hii iliyo juu ya karakana ya Mjomba, na ndiyo inayodondosha unga.

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Ana miaka sabini na mitatu, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio hata anapokwenda msibani. Barabara nzima inamwita Milimita. Jina hilo alipewa na muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyeagiza rafu akaisubiri wiki tatu kwa sababu ilikuwa imepinda milimita moja na nusu.

"Viatu vyangu vitaanguka kwa milimita moja?" aliuliza yule bwana.

"Viatu havitaanguka," Mjomba akamjibu. "Ila mimi ndiye ninayepita hapa kila siku nikiiona."

Nataka kueleza habari ya Mjomba na ile roshani, na siwezi kuieleza bila kujitia mwenyewe ndani, maana kosa lilikuwa letu sote wawili.

Roshani ya kwanza kabisa, ile ya wajenzi, ilianguka mwaka nilipokuwa mtoto wa miaka mitatu. Mvua zilikuwa zimenyesha miezi miwili mfululizo. Haikumuumiza mtu. Mwenye nyumba wa wakati huo, mzee aliyekuwa tayari mgonjwa, aliagiza vipande vyote vikusanywe uani, akamwita Mjomba, ambaye alikuwa na miaka thelathini na mmoja na ndiyo kwanza amefungua karakana yake hapo chini. "Nirudishie ileile," alimwambia. Hakusema nzuri, wala imara.

Mjomba alifanya kazi hiyo kwa miezi kumi na mmoja. Alipima kila kipande kilichovunjika, akachora kila ua lililochongwa kwenye karatasi za kufungia misumari. Mbao ngumu alizipata kwenye nyumba zilizokuwa zikibomolewa mitaa ya nyuma, boriti zilizokwisha kuwa nyeusi kwa umri, kwa hiyo hata rangi ilikuwa ya zamani bila kupakwa. Mama aliniambia, baadaye sana, kwamba mwaka ule kaka yake alinuka mafuta ya kitani hata akioga mara mbili.

Zilipobaki wiki mbili, mbao ngumu zikaisha. Zilipungua boriti mbili za chini, zile zinazobeba uzito wote, ambazo hufunikwa na ubao zisionekane. Mzee juu alikuwa akihesabu siku zake na alitaka kukaa kwenye roshani hata mara moja. Mjomba akatia boriti mbili za mbao laini. "Nitarudi," alijiambia. Mzee alikaa kwenye roshani siku tisa, akafariki. Watoto wake walikuwa na mambo mengine, na kila Mjomba alipotaja boriti walimwambia, "Fundi, si imesimama?"

Mwalimu wake wa useremala alikuwa amemfundisha desturi moja. Fundi haandiki jina lake nje ya kazi, maana huko ni kwa mwenye mali. Analiandika ndani ya kiungo, mahali ambapo ataliona fundi mwingine tu, yule atakayekuja kurekebisha. Jina la fundi husomwa na fundi. Mjomba aliandika lake kwa penseli, pamoja na tarehe, ndani ya kiungo cha boriti laini ya kushoto. Alikusudia alisome mwenyewe mwaka unaofuata.

Miaka kumi baadaye alipata mbao alizozitaka. Akaranda boriti mbili za kupachika, akazikata viungo vyake tayari, akaziweka juu ya kenchi za karakana. Jibu la wenye nyumba likabaki lilelile, nazo zimekaa huko zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa msichana nilidhani ni sehemu ya paa.

Sasa kosa lenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti changu, na Ofisi ikanipa kazi ya kuorodhesha barabara hii, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na ubao wa kuandikia, kamera iliyoazimwa, na fomu zenye safu mbili: Asili, Si asili. Nilipofika kwenye nyumba ya Mjomba niliona karibu kila kitu kimeshabadilishwa. Paa lilikuwa la mabati, lipu ya saruji, madirisha ya kiwandani. Nikatazama juu.

"Mjomba, hii roshani ni ya zamani?"

Alikuwa mlangoni, anafuta patasi kwa kitambaa. Akanitazama, akaitazama roshani, akatabasamu nusu.

"Wewe msomi unaonaje?"

Nilipanda ngazi. Nilipapasa maua yaliyochongwa, nikaingiza ukucha kwenye viungo na ukucha haukupita. Niliposhuka nilimwambia, nakumbuka vizuri kabisa, "Mjomba, watu waliofanya kazi hii hawapo tena." Nikaandika Asili, kwa ile herufi yangu ya A niliyokuwa naijivunia, yenye mkia. Mjomba alicheka mpaka akakaa. Nilifikiri anafurahi kuniona nimepata kazi.

Kwa ajili ya neno hilo moja, nyumba iliingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kibao kikapigiliwa mlangoni. Hakuna kingine ndani ya nyumba ile kinachoilinda, ni roshani tu.

Unga ulianza kudondoka miaka minne iliyopita. Dumuzi wa mbao hawapendi mbao ngumu, lakini laini huila kama mkate. Kanuni zetu zinasema kitu cha asili kitaguswa na mhifadhi mwenye cheti, kwa kibali cha kamati inayokaa mara mbili kwa mwaka, na maombi yaletwe na mwenye nyumba. Mwenye nyumba wa sasa ni mjukuu wa yule mzee. Barabarani wanamwita Mrithi. Ana michoro ya jengo la vioo la ghorofa nane. Hajawahi kuleta ombi lolote, na akipita chini ya roshani hutazama juu kama mtu anayesubiri embe lililoiva.

Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuhitaji kibali.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Mjomba alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amevaa koti. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akakaa mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, bibi afisa."

"Mjomba, usinitie dhambini. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuomba kibali. Ni kazi ya siku mbili. Naipandisha roshani kwa jeki sentimita moja, natoa boriti, naingiza boriti, naishusha. Boriti ninazo."

"Nazijua boriti zako, Mjomba. Lakini hicho ni kitu cha asili. Huna cheti cha uhifadhi. Kanuni haziniruhusu hata kukupa fomu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Mama," akasema, maana akitaka kusema jambo zito huniita hivyo, "ile roshani niliitengeneza mimi."

Nilicheka. Kisha nikamtazama mikono, nikaacha kucheka. Akanieleza yote, mbao za nyumba zilizobomolewa, siku tisa za mzee, jina lililo ndani ya kiungo.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza?"

"Nilikuuliza, Mjomba."

"Uliniuliza kama ni ya zamani. Nikakuuliza unaonaje. Ukaona. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile, hata mwalimu wangu. Nikasema acha nikae nayo leo, kesho nitamwambia. Kesho yake ukawa umeshapeleka karatasi zako."

Watu kwenye foleni walikuwa wakikohoa. Nilisogeza kiti karibu nikamweleza kwa sauti ya chini, kama daktari. Nikirekebisha daftari na kuandika Si asili, nyumba inatoka kwenye orodha siku hiyohiyo. Kibao kinang'olewa. Mrithi analeta buldoza. Karakana inakwenda. Mwalimu wa juu anakwenda pia, yule mama mstaafu anayekaa nyuma ya roshani ile mwaka wa thelathini sasa, aliyenifundisha mimi hesabu, na asiye na ndugu wa kumpokea.

"Kwa hiyo nikisema ukweli, nyumba inabomolewa," Mjomba akasema.

"Ndiyo."

"Na nisiposema, roshani inaanguka."

"Tutajaribu kumshawishi Mrithi aombe. Kamati itakaa—"

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Dumuzi hawana kamati," akasema, akainuka. Mlangoni akageuka. "Ile A yako ilikuwa nzuri lakini."

Alipoondoka nilishusha daftari la mwaka ule. Neno langu lilikuwa pale, wino umekuwa wa kahawia. Nilifungua kalamu. Nilikaa nayo hivyo mpaka saa ya chakula, nikaifunga. Nimewahi kufikiri kwamba mtu asiye na la kufanya huwa amefungwa na watu wengine. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

Alijaribu mwenyewe, Jumapili moja mwezi wa tano, maduka yakiwa yamefungwa. Mwalimu wa juu alikuwa kwenye njama. Alikuwa ameondoa makopo yake ya maua ili kupunguza uzito, naye akasimama dirishani kama mlinzi. Mjomba aliweka ngazi, akafungua ubao wa kufunikia, akaweka jeki. Hakufika mbali. Mrithi alipita na gari akampiga picha kwa simu.

Jumatatu picha ilikuwa mezani kwa Mkuu wetu. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa simu.

"Huyu si mjomba wako?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Basi barua ya onyo iandike wewe. Akiandikiwa na mwingine ataona tumemwonea."

Niliiandika. Niliandika kwamba amehatarisha sehemu asili ya jengo linalolindwa, na kwamba akirudia atashtakiwa. Niliipeleka kwa mkono, sikutaka aipokee kwa tarishi. Alivaa miwani akaisoma kwa sauti, mara mbili, huku Mwalimu akisikiliza kutoka kwenye ngazi.

"Umeandika vizuri," akasema. "Nukta zote zipo."

"Nilimfundisha mimi," Mwalimu akasema kule juu.

"Wewe si ulimfundisha hesabu?"

"Hesabu alishindwa. Nikamfundisha nukta."

Walicheka wote wawili, nami nikacheka nao, nikijua wananionea huruma. Mjomba aliitundika barua kwenye msumari, pamoja na vipimo vya wateja.

Ile picha lakini ilikuwa imeonyesha jambo. Ubao ukiwa wazi, boriti zilionekana zimetobolewa kama sifongo. Mkuu alipiga hesabu ya lawama, akamwita Mtaalamu kutoka nje ya mji. Alifika baada ya wiki mbili, mtu wa makamo mwenye buti safi na tochi ya kuvaa kichwani, mpole, anayejua kazi yake. Ni hilo lililoniumiza, kwamba alijua kazi yake. Alipanda ngazi, akakaa huko juu karibu saa nzima. Sisi tulisimama chini: Mkuu, mimi, muuza viatu, na Mjomba kwenye mlango wa karakana, mikono mifukoni. Mwalimu alikuwa dirishani.

Mtaalamu aliposhuka macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Hiki ni kitu cha ajabu," alimwambia Mkuu. "Viungo vile, hakuna msumari hata mmoja. Nimeona kazi za zamani nyingi, lakini mikono kama hii haipo tena duniani."

Mjomba alitazama vidole vya miguu yake.

"Shida ni hizi boriti mbili za chini," Mtaalamu akaendelea. "Hizi si za asili. Ni mbao laini kabisa. Kuna fundi wa baadaye, mbabaishaji tu, alizichomeka hapo akaziba na ubao zisionekane. Yeye ndiye aliyeiua roshani hii."

Muuza viatu, ambaye hajui siri hii, alitikisa kichwa kumlaani fundi huyo. Mimi nilimtazama Mjomba, na Mjomba akatazama juu, kwenye dirisha. Mwalimu alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono yote miwili.

"Labda mbao zilimwishia," Mjomba akasema.

"Fundi mzuri haishiwi mbao, mzee wangu. Husubiri."

"Kweli," Mjomba akasema. "Angesubiri."

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui nilitaka kusema nini. Mjomba alinitikisia kichwa kidogo sana, milimita moja na nusu, nikaufunga.

Mkuu aliuliza kama boriti hizo, kwa kuwa si za asili, haziwezi kubadilishwa. Mtaalamu alisema kuzitoa ni lazima kuinua roshani yote, na kuinua kitu cha thamani hiyo ni jambo la kamati, pamoja na fundi wa kuaminika, ambaye yeye hamjui aliko. Kwa sasa itegemezwe tu. Aliagana na kila mtu kwa heshima. Mjomba alipomshika mkono, yule bwana aliugeuza kidogo akatazama sugu za kiganjani. "Kumbe nawe ni seremala?" akauliza. "Natengeneza rafu," Mjomba akamjibu.

Nguzo zililetwa Alhamisi. Ni tano, za chuma, zimepakwa rangi nyekundu, zimefungwa kwenye kibaraza kwa bolti, na huko juu zimebeba ubao mnene unaoishika roshani tumboni. Wafungaji walipima vizuri, kila nguzo kwa nafasi yake. Ile ya katikati iliangukia mbele ya mlango wa karakana, katikati kabisa. Mjomba aliwaomba waisogeze. Walimwonyesha mchoro. Mchoro ulikuwa na sahihi ya Ofisi, na chini ya sahihi ya Mkuu kulikuwa na yangu.

Karakana ni chumba chembamba, kama kisanduku cha penseli. Mbao ndefu huingia na kutoka kwa kunyooka tu, moja kwa moja kutoka barabarani. Hakuna nafasi ya kuzigeuza. Tangu Alhamisi ile Mjomba hutengeneza vitu vinavyopita ubavuni mwa nguzo: vigoda, fremu za picha, masanduku madogo. Muuza viatu alitaka rafu nyingine, akaambiwa hapana. Alimtania, "Milimita, sasa umekuwa Sentimita." Mjomba alicheka kwa adabu.

Kamati ilikaa mwezi wa kumi na moja. Ombi halikuwepo, kwa hiyo hawakuwa na la kujadili. Nguzo zimeandikwa kwenye daftari kama hatua ya muda, nami najua maana ya muda katika ofisi yetu. Unga bado unadondoka.

Juzi nilipita jioni kumjulia hali. Boriti mbili zilikuwa zimeshushwa kutoka kwenye kenchi, zimelala juu ya meza ya kazi, nyeusi, zimenyooka, viungo vyake vikali bado kama vilikatwa jana. Ncha zake zilikuwa zimefika karibu na mlango, na mbele ya mlango ilikuwa ile nguzo nyekundu. Mjomba alikuwa ameshapima. Kulikuwa na mistari ya penseli kwenye boriti zote mbili, kila sentimita arobaini na tano.

"Mjomba, za nini hizo?"

"Miguu ya vigoda. Shule ya jirani imeagiza ishirini."

"Na roshani?"

Mjomba aliuchukua msumeno ukutani, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake, akaniashiria upande wa pili wa meza.

"Shika huko mwisho. Usiitikise."

Nikaweka mkoba wangu chini, nikaishika boriti kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mjomba aliuweka msumeno juu ya mstari wa kwanza, akautazama, akautoa, akaupima mstari upya, kisha akaanza kukata.